Maziwa ya Bihogo na Sikio la Eliza

Kirushya, Ngara
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako naichukua kabla hujaitoa, maana najua ukishaishika bahasha hii utaanza na lawama na salamu itasahaulika. Goti linasemaje siku hizi? Neema ameshawahamisha kuku wake jikoni, au bado mnapika huku mkiwaomba njia? Mvua ya vuli imefika Muheza? Nijibu yote hayo, hata kama unayaona madogo. Ndiyo ninayoyawaza nikiwa kwenye cherehani.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Kila nikipiga, nikifika kwenye neno sikio wewe unaanza kulia, nami nalia, kisha Kaka Hosea anakunyang'anya simu na kuniamrisha nimlete mtoto haraka, halafu mtandao unakatika. Juzi ameniambia mmeshakubaliana kwamba utakuja mwenyewe kumchukua Eliza, akae nawe Muheza mpaka apone. Mama, nakuomba usikate tiketi kabla hujaisikia barua hii mpaka mwisho. Neema, msomee polepole, na ukifika mahali panapouma usiruke.

Kwanza ujue hili ili moyo utulie: somo yako yu hai, anakula, na jana amenivuta shanga za shingoni mpaka zikakatika. Sasa nianze mwanzo.

Unakumbuka nilipojifungua nilikuambia maziwa yanatoka mengi hadi yanalowesha blauzi. Mtoto alipofika miezi mitatu titi langu moja likafanya jipu. Walilipasua kituo cha afya, nikakaa na homa siku nyingi, na maziwa yakapungua hadi Eliza akawa ananyonya na kulia kwa wakati mmoja. Mama mkwe aliliona hilo kabla sijamwambia. Yeye si mtu wa maneno. Asubuhi moja alikuja na kikombe cha maziwa ya ng'ombe, bado yana joto la ng'ombe mwenyewe, akamtoa mtoto mikononi mwangu, akamlaza mapajani na kuanza kumnywesha kwa kijiko.

Hapa lazima nikueleze kuhusu huyo ng'ombe, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu. Anaitwa Bihogo, jina wanalowapa wenye rangi ya udongo mwekundu. Mama mkwe alivuka mpaka na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, wakitokea Burundi, na katika mali yote waliyokuwa nayo kilichofika upande huu ni wao wenyewe na mtamba mmoja. Bihogo ni wa uzao wa mtamba yule. Eliza alipozaliwa, mama mkwe alimshika pembe mbele ya watu akasema maziwa yake ni ya mjukuu. Kwetu mtoto angeletewa kanga na sabuni. Huku alipewa ng'ombe, na watu walipiga vigelegele hadi barabarani.

Sasa kuna mwiko. Maziwa hayachemshwi. Ukiyachemsha, wanasema wazee, ng'ombe kule zizini anakauka au chuchu zinapasuka. Yananywewa mabichi, au yanagandishwa kwenye kibuyu. Mimi umenilea wewe, ambaye maziwa yasipopanda na kushuka mara tatu huyaiti maziwa, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa nachukua kikombe cha mtoto nakichemsha kwa siri kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Bahati yangu ilivyo, wiki ileile kiangazi kilikaza, majani yakaisha, na Bihogo akapunguza maziwa nusu kwa nusu. Mama mkwe akaingia kwangu kutafuta chumvi, akakuta sufuria ina utando wa maziwa ukingoni.

Hakunigombeza. Aliishika ile sufuria, akakaa nayo kwenye kigoda, akasema, "Mama Eriza, unataka mtoto akose kabisa?"

Eriza ndiye Eliza, mama, zoea tu. Basi nikaacha kuchemsha. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Maziwa yamepungua kweli, kila mtu anaona kwa macho yake, na mimi ni mkwe niliyetoka mbali nisiyejua hata kukamua.

Mtoto alinenepa, nisimsingizie Bihogo. Lakini alipokuwa anajifunza kukaa, asubuhi moja nilikuta foronya imelowa. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha mwepesi wa rangi ya uji. Nilimgusa, nikalivuta, nikalibonyeza kwa nyuma: anacheka. Hilo ndilo lililotupoteza sote. Sikio la mtoto likiuma nyumba nzima hailali, wewe unajua, umetulea. Hili lilikuwa linavuja kimya kimya na mwenye nalo anacheza na kifuniko cha chungu.

Zahanati wakampa dawa ya maji, ile ya pinki. Likakauka siku chache, likarudi. Wakabadilisha dawa, wakaongeza ya matone. Likarudi tena, na sasa lina harufu. Usianze kuwalaumu, mama. Kwa watoto karibu wote dawa ile inatosha, hata mtoto wa jirani yetu alipona kwa chupa moja. Nyumbani nako kila mtu akaleta lake. Jirani akaleta majani ya kukamulia sikioni, mama mkwe akataka kuweka samli ya uvuguvugu, na wewe ukanipigia simu kuhusu mafuta ya nazi na kitunguu saumu, ukasahau kwamba nazi huku ni ya kusimuliwa. Nilizikataa zote, si kwa akili nyingi, ila niliona sikio moja haliwezi kubeba waganga wote hao.

Kisha ikaja siku ya mdomo. Nilikuwa nampima mteja gauni, Eliza yuko mkekani, akaanza kulia kwa njaa. Nikageuka kumwangalia. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa unalia, upande wa kushoto umetulia kimya, na jicho la kushoto halikufumba. Uso ulikuwa umevutika kama nguo iliyokazwa uzi upande mmoja. Nilidondosha futi ya kupimia, nikamwacha mteja wa watu na pini zake, akajivua gauni mwenyewe. Niliogopa, mama. Siku ya kumzaa sikuogopa vile.

Hospitali ya wilaya walimpapasa shingoni wakakuta tezi zimevimba, ngumu, chini ya sikio lilelile. Wakasema daktari wa masikio anayetoka Mwanza yuko Biharamulo wiki hiyo, wakatuandikia rufaa. Mume wangu Ladislaus alifunga karakana yake, tukapanda mchomoko, ndivyo wanavyoziita gari ndogo za abiria huku, mpaka Benako, kisha nyingine kupitia Nyakahura mpaka njia panda ya Lusahunga, ndipo Biharamulo. Kuna msitu njiani ambao zamani magari yalipita kwa kusindikizwa na polisi. Dereva alitusimulia habari za majambazi wa enzi zile kwa raha zake zote. Mimi sikumsikia, nilikuwa natazama jicho la mwanangu lisilofumba, nikilifunika kwa kona ya kanga vumbi lisiingie.

Daktari alikuwa mama mfupi, sauti nzito. Alimulika sikio muda mrefu. Kisha akauliza, "Ukimgusa hapa analia?"

Nikamwambia hapana, na kwamba ndiyo maana tulidhani si kitu.

"Sikio linavuja bila kuuma, dawa zote limekataa, tezi zimevimba, na sasa uso umepinda," alisema, akizihesabu kwa vidole. "Hili silioni mara nyingi. Lakini nikiliona silipuuzi."

Akachukua usaha kwa kijiti cha pamba, akaupeleka kwenye mashine ileile wanayopimia makohozi. Tulilala Biharamulo kwa rafiki wa Ladislaus, na kesho yake tukaitwa. Ni kifua kikuu, mama. TB, ndani ya sikio.

Nilimwambia daktari kwamba mtoto hakohoi. Akanieleza kuwa vijidudu vya kifua kikuu havikai kifuani tu. Mara chache sana, hasa kwa watoto wachanga, vinaingia sikioni na kuanza kula mfupa polepole, ndiyo maana hakuna kelele. Mshipa unaoendesha uso unapita humohumo, ndiyo maana mdomo ulipinda. Na mlango wa pili kutoka pale, alisema, ni ubongo. Nikamuuliza kama atapona, nikamuuliza kama atasikia.

"Kuhusu kusikia siwezi kukuahidi," alisema. "Kuhusu uhai wake, dawa zinaweza. Ila ni miezi sita au zaidi, na usikatishe hata siku moja."

Nililiweka neno hilo moyoni kama nilivyoliweka la padri siku ya ndoa. Basi tukarudi na mfuko wa vidonge vidogo vya kuyeyusha kwenye maji, vina harufu ya pipi. Mama mkwe alipoelezwa alitutazama mimi na mwanawe kama watu tuliotapeliwa. "Tangu lini sikio likakohoa?" aliuliza. Siku ya pili ya dawa nepi zote zikawa na rangi ya chungwa, akapiga kelele akidhani mtoto anakojoa damu. Nilimweleza kwamba tumeshaambiwa, ni dawa ndiyo inayotoka hivyo, lakini nepi hizo alizianika nyuma ya migomba ili wapita njia wasizione.

Hospitali walisema mtoto mchanga hajitafutii TB mwenyewe. Kwa kawaida ameipata kwa mtu mzima wa karibu. Kwa hiyo tulipimwa wote, kila kipimo, hata vile ambavyo watu huvitaja kwa kunong'ona. Ladislaus ana kikohozi cha moshi wa kuchomelea vyuma, na mama mkwe ana kile cha asubuhi cha wazee. Siku za kusubiri majibu zilikuwa mbaya. Kijiji kilikuwa kimeshachagua mtuhumiwa, na mama mkwe alikuwa amejichagua mwenyewe. Alikataa kumshika mtoto. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko lake akimwimbia kwa Kihangaza, lugha ya huku, kutoka kule, na Eliza akimnyooshea mikono analia kwa nusu ya uso.

Nesi Adelina, anayesimamia wagonjwa wa TB, alikuja nyumbani kwa pikipiki kutuletea majibu. Wote salama. Mama mkwe alipiga makofi, akamnyakua mtoto, akambusu mpaka kwenye nyayo, kisha akakimbia ndani kama msichana. Akarudi na maziwa ya Bihogo ya asubuhi ile, kwenye kikombe cha kauri anachowekea wageni wakubwa, akampa nesi kwa mikono miwili.

Nesi alikipokea, akakishika, hakunywa. "Mama, haya yamechemshwa?"

"Yoo!" mama mkwe akacheka. "Nani amchemshie mgeni maziwa? Mimi sina adabu?"

Nesi Adelina akakiweka kikombe mkekani taratibu. Huku kukataa maziwa ni kumkataa mtu, mama, na yeye ni mtoto wa Bugarama, huku huku Ngara, anajua hilo kuliko mimi. Akaniangalia mimi. "Na mtoto anakunywa hayahaya?"

"Tangu miezi mitatu," nikasema.

Akatueleza kwa sauti ya chini, kwa Kihangaza kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Ng'ombe nao wana TB, na ng'ombe anaweza kuonekana mnene na mzima. Inapita kwenye maziwa mabichi. Mtoto mchanga akinyweshwa amelala, maziwa yanapanda kutoka kooni kwenda sikioni, kuna njia ndogo humo ndani. "Siwezi kuapa kwamba ni ng'ombe," alisema. "Ila milango mingine yote tumeifunga."

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umekuja kuniambia nimemlisha mjukuu wangu sumu?" Hakungoja jibu. Alichukua jembe akaenda shambani jua la saa saba, na tangu siku hiyo hakusema nami neno kwa muda. Chakula aliniwekea, nepi aliniokotea, neno hakunipa.

Bwana mifugo alikuja, akamnyoa Bihogo manyoya kidogo shingoni, akamchoma sindano ya kumpima, akasema atarudi baada ya siku tatu kupaangalia. Aliporudi hakuhitaji hata kupima kwa kifaa chake. Pale palikuwa pametuna kama embe changa. Mtamba wake aliyemzaa alipimwa naye, na pake palikuwa sawa, ngozi tambarare. Bwana mifugo akasema Bihogo asikamuliwe tena, asiuzwe, asiliwe. Afukiwe.

Hapo sasa nikuambie jambo ambalo Ladislaus angependa nisiandike. Mume wangu ni mtu mzuri, lakini alisema, "Mama, tumpeleke mnadani. Kule hawaulizi maswali."

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Alisema bila kuinua kichwa, "Na atakayemnunua hana mtoto?"

Ladislaus alitoka nje. Kesho yake alichimba shimo yeye mwenyewe na vijana wa jirani, nyuma ya migomba. Mama mkwe alimpiga Bihogo mgongoni mara mbili, akamwita jina lake na majina ya mama zake, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Hakutoka mpaka udongo uliporudishwa. Alipotoka alinikuta nimekaa na Eliza kizingitini, nalia, na nadhani alishangaa kwamba nalia kwa ajili ya ng'ombe wake. Akakaa karibu nami. "Mama Eriza," alisema, "maziwa yale tungeyachemsha angekuwa mzima?"

Nikamwambia nesi alisema huenda. Ningeweza kumjibu vingine, mama. Sikuona faida.

Alimvuta Eliza mapajani mwake. Kisha akasema, "Basi mtoto atakunywa yaliyochemshwa."

Ikawa shida kuyapata. Jirani yetu Mzee Sebastiani ana ng'ombe wawili wazuri, lakini aliposikia yatachemshwa akakataa kabisa, hata kwa mtoto mgonjwa. "Maziwa nitakupa," alimwambia mama mkwe. "Kumkausha ng'ombe wangu, hapana."

Mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma na ndoo. Mama mkwe alimjibu, "Sebastiani, nitayachemsha mbele ya macho yako. Ng'ombe wako akikauka, njoo uchukue mtamba wangu."

Ujue alichoweka pale. Mtamba yule ndiye pekee aliyebaki wa ule uzao. Hata Mzee Sebastiani alishtuka kidogo, akamwuliza kama amelewa rubisi. Kesho yake asubuhi mama mkwe aliwasha moto katikati ya uwanja, si jikoni, akateleka sufuria yangu ileile ya siri, akasimama kando yake na mwiko. Mzee alikaa kwenye kigoda kama hakimu. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakasimama na madumu yao. Maziwa yakapanda, akayashusha. Yakapanda tena. Jioni mzee akakamua: kiasi kilekile. Kesho yake vilevile. Mpaka leo anakuja kila asubuhi kuhakikisha, ingawa nadhani siku hizi anafuata uji. Wanawake wawili wenye watoto wachanga nao wameanza kuchemsha. Wengine wanasema binti wa pwani amemroga mama mkwe wake. Acha waseme.

Sasa nakuja kwako, mama. Kaka Hosea aliniambia ulichosema, kwamba watu wa huku wamemharibu mjukuu wako kwa ushamba wao. Mimi ni mwanao na nitabaki mwanao, ila neno hilo nakuomba ulimeze. Mama huyu alimpa Eliza kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kilipogeuka kuwa ugonjwa, akakizika mwenyewe. Sijui ni wangapi wangefanya hivyo. Mimi mwenyewe sijui kama ningefanya.

Najua dawa hizi hata Muheza zipo, na wanaweza kumhamisha. Nilimwuliza Nesi Adelina. Sababu si dawa tu. Kila asubuhi ni mama mkwe anayeyeyusha vidonge kwenye kijiko, kabla hajafungua hata kuku. Mimi nikiamka nakuta tayari. Ukimchukua Eliza sasa, hapa atabaki bibi mmoja aliyepoteza ng'ombe na mjukuu ndani ya mwaka mmoja. Sitaki hilo. Nalisema wazi, na unisamehe ukali wangu, umenirithisha wewe.

Habari ya mtoto ni hii. Sikio limekauka, harufu imeisha. Tezi zimesinyaa, naitafuta moja tu kwa kidole. Jicho linafumba. Mdomo umerudi karibu wote. Akicheka sana ndipo unaona kushoto kunachelewa kidogo. Uzito umepanda, na amejifunza kusimama kwa kushikilia cherehani langu, kwa hiyo nashona kwa mguu mmoja, mwingine nazuia asiguse gurudumu.

Wiki iliyopita tulirudi Biharamulo kwa yule daktari. Alifurahi kumwona. Alimpima kusikia, yeye upande mmoja na msaidizi upande mwingine, kwa vitu vyenye sauti, wakati mimi nimempakata nimeambiwa nisitikisike. Walirudia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Kisha daktari akavuta kiti akakaa mbele yangu, nikajua. Sikio la kulia linasikia vizuri. La kushoto halisikii. Vile vimifupa vidogo vya ndani vimeliwa, na ngoma ya sikio haipo. Akikua labda wapasuaji watajaribu kitu. Alisema labda, na mimi nakuandikia labda, nisikuongezee.

Nililia kutoka Biharamulo mpaka Nyakahura. Kisha nikanyamaza, kwa sababu Eliza alikuwa anacheza na kofia ya abiria wa mbele na gari zima linacheka, na niliona aibu kuwa mimi peke yangu ninayelia kwa jambo lake.

Nisalimie Kaka Hosea, mwambie ukali wake nimeupokea kama upendo, lakini simu asikunyang'anye tena. Nisalimie Shangazi Rehema aliyenifundisha kushona, mwambie futi aliyonipa bado inapima sawa. Neema, mdogo wangu, asante kwa kusoma mpaka hapa, na uhamishe hao kuku. Msalimieni mchungaji na wale kinamama wa kwaya walioniombea. Ladislaus anakusalimu kwa heshima na ana haya kidogo. Mama mkwe anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akanisimamisha, akasema nisifiche: niandike kwamba aliyempa mtoto maziwa yale ni yeye, kwa mkono wake, na kama una neno, umwambie yeye, si mimi. Nimeandika kama alivyosema.

Kwa hiyo njoo, mama. Usije kuchukua, njoo ukae. Njoo baada ya mvua, barabara ya huku ikikauka. Utamkuta Eliza uwanjani, na najua hutavumilia, utaanza kumwita jina lenu toka getini. Asipogeuka usilie, na usidhani amekukataa. Zunguka uje upande wa kulia, umwite tena.

Mwanao akupendaye,
Tumaini, Mama Eliza